Babu Spana: Kirikuu imeanza kuteleza, nishushe gia boksi mwenyewe?

Shikamoo Babu Spana,

Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Lushoto, nina mke na watoto wawili. Nina kirikuu, Suzuki Carry ya mwaka 2006, siyo otomatiki. Hiyo ndiyo ofisi yangu. Nikipanda kutoka Mombo napakia saruji na mabati ya maduka ya huku juu, nikishuka napakia nyanya, kabichi na karoti za Lukozi.

Mwezi uliopita gia zilianza kuwa ngumu kuingia, hasa namba moja na rivasi, inakwaruza mpaka abiria wa pembeni anakutazama. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akaingia chini akakaza waya wa klachi. Gia zikawa laini, tukashangilia. Kama siku kumi baadaye, niko kwenye zile kona za kabla ya Soni na mifuko 14 ya saruji, enjini ikaanza kupiga kelele huku gari haliendi. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Sasa ni kila mlima, na huku kwetu unajua, mlima hauishi ila umefika.

Kinachoniuma ni kwamba klachi hii niliibadilisha miezi 13 tu iliyopita. Nilimpa fundi hela, akaenda kununua mwenyewe, jioni nikachukua gari. Ya zamani sikuonyeshwa. Nahisi alinifungia mtumba akaniambia mpya. Sasa fundi huyohuyo anataka sh 70,000 ya ufundi, na seti anasema ni sh 160,000, halafu anamalizia, "Usijali, nitakutafutia mimi." Babu, mimi nimejali.

Shemeji anasema tuifungue wenyewe hapa nyumbani. Ameangalia video nzima ya jamaa anabadilisha klachi ya Corolla, anasema hakuna uchawi. Boksi la spana ataazima, jeki ya gari ipo, na matofali ya bloku yapo mengi maana nilikuwa nataka kujenga choo. Uwanja wetu ni wa udongo na una mteremko kidogo. Mke wangu amesema siku nikiingia chini ya gari, yeye anarudi kwao. Nikamjibu basi aondoke na mdogo wake, maana yeye ndiye mwenye spana. Tangu Jumapili chai naichemsha mwenyewe.

Mimi si mgeni wa spana kabisa. Oili nabadilisha, plagi nabadilisha, shuu za breki za nyuma nimewahi kufunga nikiwa na mtu wa kunielekeza. Je, klachi ni kazi ya kufanyia nyumbani? Sitaki kuibiwa mara ya pili, na gari likilala zaidi ya siku mbili wateja wangu watahamia kwa wengine.

Mpanda Milima, Lushoto

*

Marahaba mjukuu wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kifundi, nikaanza kukuandikia spana za kuazima. Mara ya pili nikaona neno uliloliandika mwenyewe ukalipita, nikachana karatasi nikaanza upya.

Umesema shemeji alikaza waya, gia zikawa laini, na siku kumi baadaye klachi ikaanza kuteleza. Tukae hapo kwanza, kabla hamjagusa hata boliti moja ya gia boksi.

Klachi ya kirikuu yako inavutwa kwa waya. Ukikanyaga pedali, waya unavuta mkono ulio ubavuni mwa gia boksi, mkono unasukuma beringi, beringi inakandamiza vidole vya presha (ile sahani yenye springi inayobana diski), na diski iliyokuwa imebanwa kati ya presha na flaiwili (gurudumu zito la chuma linalozunguka na enjini) inaachiwa. Ukitoa mguu, beringi inatakiwa irudi nyuma ipumzike, isikandamize chochote. Kile kipande cha mwanzo cha pedali ambacho mguu unashuka bila kuhisi uzito ndicho mafundi wanakiita plei. Hiyo ndiyo nafasi ya beringi kupumzika.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata watu waliokaa gereji miaka wanalikosea. Diski ikilika, vidole vya presha haviikimbii beringi. Vinaifuata. Kwa hiyo kadiri klachi inavyozeeka plei inajila yenyewe, na waya unaomba kulegezwa. Wengi wetu tunafikiri kinyume, kwamba kitu kilichochoka kinataka kukazwa. Shemeji alipokaza, gia zikawa laini kweli, maana pedali ilianza kuvuta mapema. Lakini kama alimaliza plei yote, beringi ikawa inakandamiza vidole mchana kutwa hata mguu wako ukiwa nje ya pedali, na presha haibani diski kwa nguvu zake zote. Barabara ya tambarare, gari tupu, hutajua. Kona za Soni na mifuko 14, utajua.

Simsemi vibaya kijana. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilohilo kwenye pikapu ya watu, nikiwa na miaka mitatu ya kazi na kiburi cha miaka thelathini.

Basi kesho asubuhi, enjini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali pa sawa, bonyeza pedali ya klachi kwa mkono, siyo kwa mguu. Mguu hauna hisia, mkono unazo. Itafute ile nafasi ya bure kabla pedali haijawa nzito. Ukikuta kama sentimita moja hadi tatu, uko vizuri, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Ukikuta hakuna kabisa, umeshampata mshukiwa wa kwanza. Legeza nati ya waya kidogo kidogo mpaka plei irudi. Kisha ukague waya wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho: nyuzi zilizokatika, ala iliyobonyea, kutu pale unapoingilia. Waya huvutika ukizeeka, na huenda ndiyo sababu gia zilikuwa ngumu tangu mwanzo. Kama umevutika, nunua mpya na uufunge wewe na shemeji. Kazi hiyo ndiyo ya uwanjani kwako, na haigusi gia boksi.

Ukimaliza, pima. Tafuta tambarare pasipo na magari, nenda kama kilomita 40 kwa saa ukiwa gia namba nne, kisha kanyaga mafuta mpaka chini kwa ghafla. Klachi nzima itajikongoja, gari litajivuta polepole, na sauti itapanda pamoja na mwendo. Klachi inayoteleza itapandisha sauti peke yake, mwendo ukiwa palepale. Au simama, vuta breki ya mkono ikaze kabisa, hakikisha hakuna mtu mbele yako, weka namba tatu, ongeza moto kidogo na uachie klachi taratibu. Enjini inatakiwa izime. Ikiendelea kuunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, diski imekwisha. Jaribio hili lifanye mara moja tu. Ukilirudia rudia kumwonyesha jirani, utaimalizia mwenyewe.

Inawezekana baada ya hapo kirikuu ikapanda na maneno yakaisha. Ila sitakutia moyo wa uongo: umeteleza nayo milimani kwa wiki kadhaa, na harufu uliyoisikia ni ya diski yenyewe. Diski ikishachomwa sana uso wake unakuwa kama kioo, na hata ukirekebisha waya haishiki tena. Kwa hiyo tuseme umelegeza, umepima, na bado inateleza. Swali lako linabaki.

Kwa haki, mmebahatika na gari. Ile Corolla ya kwenye video enjini imelala kwa upana na inavuta kwa tairi za mbele, kwa hiyo jamaa lazima achomoe ekseli zote mbili, amwage mafuta ya gia na aishikilie enjini isianguke upande mmoja. Shemeji atakuja kwako akitafuta ekseli za mbele asizione. Yako enjini iko chini ya viti, gia boksi iko nyuma yake, na propela shafti inakwenda tairi za nyuma. Unafungua propela, unaondoa stata, nyaya za gia, soketi ya taa ya rivasi, waya wa klachi, unaegemeza gia boksi, unatoa boliti zake na ule mhimili unaoibeba kwa nyuma, inashuka. Kama yako ni ile ya kuvuta tairi zote nne, kuna propela ya mbele pia, na gia boksi ni ndefu na nzito zaidi. Kabla ya kufungua propela ipige alama ya rangi ili irudi ilivyokuwa, vinginevyo unaweza kurudi barabarani na mtetemo ambao hukuondoka nao. Na ikichomoka kutoka kwenye gia boksi, mafuta ya gia yatakufuata shingoni, basi uwe na mfuko wa nailoni na mpira wa tairi la baiskeli wa kufunga mdomo huo.

Kufungua ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Watu wanakwama kwenye kurudisha. Diski mpya ukiiweka juu ya flaiwili haijishikilii, inaning'inia popote mpaka ukaze presha. Ikikazwa ikiwa pembeni hata kwa unene wa shilingi, shafti ya gia boksi haitaingia, na wewe chini huoni kwa nini. Hapo ndipo ninaponusa hatari yenu. Mtu amelala chali tangu saa tano, gia boksi iko kifuani, sasa ni saa kumi na moja, jua linazama nyuma ya mlima, imebaki kama sentimita mbili kugusana na enjini. Shemeji anasema, tukaze boliti tu, zitaivuta. Zitaivuta kweli. Zitaivuta mpaka sikio la alumini la gia boksi lipasuke, au katikati ya diski papinde. Gia boksi isiyoingia kwa mkono inakuambia kuna kitu hakijakaa sawa. Unaishusha, unalegeza presha, unalenga diski upya. Mafundi wenye akili wanatumia kipande cha shafti ya gia boksi ya zamani kulengea, wengine wanachonga mti ukae sawasawa kwenye tundu la katikati. Na usiiache gia boksi ining'inie kwenye diski hata sekunde moja ukatafute spana, maana uzito huo unapindisha diski mpya kabla haijatembea hata mita moja.

Upande wenye springi unatazama gia boksi. Ukigeuza, umefanya kazi ya siku mbili bure. Presha inakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, siyo boliti moja mpaka mwisho halafu nyingine. Grisi kwenye meno ya shafti ni ya kupaka na kufuta, maana ikirukia diski, klachi mpya imeshaharibika.

Na vumbi utakalolikuta mle ndani, usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Diski nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hizi zinazouzwa bila jina huwezi kujua zina nini. Vumbi la asbesto huingia kwenye mapafu na kukaa humo, na ugonjwa wake unaweza kuja baada ya miaka mingi. Tumia kitambaa kibichi, kisha kitambaa kitupwe. Sisi zamani tulikuwa tunapuliza na kucheka.

Yote hayo yanajifunzika. Mtu anayefunga shuu za breki ana mikono ya kuyafanya, kwa hiyo wasiwasi wangu si mikono yako. Wasiwasi wangu ni udongo, mteremko, jeki moja na bloku za choo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wahenga hawakusema kitanda kiwe kimeshikiliwa na tofali. Bloku ya saruji inabeba ukuta kwa sababu mzigo umetulia juu yake tangu siku ya kwanza. Mzigo unaotikiswa, na chuma chembamba cha chesisi kinachogusa sehemu moja tu, ni kitu kingine. Bloku haipindi ikakuonya. Inapasuka. Na kumbuka kwamba kutoa gia boksi ni kuvuta na kusukuma, gari lote linayumba, na ardhi ya udongo ikinyeshewa usiku jeki inazama upande mmoja. Nilikuwapo siku kijana mwenzetu alipolala chini ya gari lililoegeshwa juu ya matofali. Alikuwa ametoka kufuata maji ya kunywa, ndiyo maana leo ana wajukuu. Gari lilishuka lote bila hata sauti ya kutangulia, tukabaki tunaangalia sufuria yake ya chai ilivyolala chini ya difu kama chapati.

Mkeo hajakuambia kwamba hujui ufundi. Amekuambia usiingie chini ya gari. Katika barua yako yote yeye ndiye aliyeliona tatizo mapema kuliko nyote, mpelekee kanga.

Kwa hiyo jibu langu: waya rekebisheni nyumbani. Gia boksi, safari hii, msishushie uwanjani. Mngekuwa na sakafu ya saruji iliyo sawa, stendi nne za chuma na wala hamutegemei gari hilo kula, ningewaambia jaribuni, mkikwama wiki nzima hakuna anayelala njaa. Ila wewe una siku mbili, na wawili msiowahi kuifanya kazi hii msijipe chini ya siku mbili zisizo na tatizo lolote. Boliti moja tu ikivunjika jioni, siku ya tatu na ya nne zimekwenda kuitafuta Korogwe au Tanga.

Lakini sasa naona unasema, Babu unanirudisha kwa mwizi. Hapana. Hukuniandikia kwa sababu unapenda gia boksi. Umeandika kwa sababu hutaki kuibiwa, na dawa ya hiyo haihitaji ulale chali.

Seti nunua wewe. Piga picha kibao cha gari chenye namba ya chesisi, maana kirikuu zinafanana kwa sura huku ndani zikitofautiana, na duka lenye watu wanaojua kazi litakuuliza namba hiyo kabla ya kukutajia bei. Chukua seti nzima, diski, presha na beringi, usidanganyike kununua diski peke yake kwa kubana matumizi, maana gharama ya kushusha gia boksi ni ileile ukibadilisha kimoja au vitatu. Ongeza na oili sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili ya enjini isivujie klachi, bei yake ni ndogo na ipo palepale.

Tafuta fundi mwenye shimo au sakafu ngumu, awe yule wa mwanzo au mwingine, mweleze kabla ya bei kwamba spea unazo, utakuwepo tangu boliti ya kwanza, na vilivyotoka ni vyako. Fundi mzuri atakubali, wengine watafurahi hata, unawashikia taa. Anayekataa usishindane naye, ondoka. Nenda na shemeji. Mvae nguo za kazi mkae kama watoto wa gereji, mshike spana mnazoambiwa mshike. Kwa ile sh 70,000 utakuwa umenunua klachi iliyofungwa na somo la siku nzima, na mara nyingine mkiwa na sakafu mtakuwa mmeshaiona kazi ikifanyika kwenye gari lenu wenyewe, siyo kwenye Corolla ya mtu.

Na gia boksi ikishashuka, mwombe fundi akupe diski ya zamani kabla hajaitupa pembeni. Hiyo ndiyo barua uliyokuwa unaitaka kwa miezi 13. Ikiwa imelowa mafuta, oili sili ilikuwa inavuja na aliyefunga mara ya mwisho aliona akanyamaza, au hakutazama; huyo una haki ya kumuuliza. Ikiwa springi zimelegea, meno ya katikati yamelika na kutu ya zamani imejaa, ulifungiwa mtumba kama unavyohisi. Lakini ukiikuta imelika sawasawa, uso unang'aa kama sahani, na flaiwili na presha zina madoadoa ya bluu, basi mjukuu wangu, diski ilikuwa mpya, imechomwa, na aliyeichoma ndiye aliyeshika usukani. Flaiwili yenye madoa hayo au nyufa ipelekwe kwa wachonga vyuma ikasawazishwe kabla ya kufunga, usikubali diski mpya ikae juu yake hivyo hivyo.

Mimi, bila kuiona, naweka hela yangu kwenye hilo la tatu. Sababu ni saruji.

Kirikuu zilitengenezwa Japani chini ya sheria ya magari madogo: enjini isizidi sisi (cc) 660, mzigo usizidi kilo 350. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hesabu ya mifuko ni saba. Wewe unapakia kumi na nne, unapanda kutoka Mombo, unakutana na lori mbele linalotambaa kwenye kona, na nina hakika husimami ukavuta breki ya mkono. Unamshikilia kirikuu pale mlimani kwa klachi nusu, mguu juu nusu chini, ukisubiri lori lisogee. Dakika moja ya hivyo inakula diski kuliko wiki nzima ya barabara ya Segera.

Najua utakachonijibu. Mifuko saba haikulishi. Nimepiga hesabu ya kwako pia: mifuko saba ya ziada kila safari, safari tatu nne kwa wiki, hela yake inalipa klachi mapema na chenji inabaki. Kwa hesabu ya klachi peke yake, wewe ndiye uko sahihi, na fundi yeyote anayekuhubiria kwamba kuzidisha mzigo ni hasara ya klachi hajawahi kufanya biashara. Hofu yangu mimi ni safari ya kushuka. Gari hilohilo, breki zilezile ndogo, matenga ya nyanya yamepangwa mpaka juu ya kabini, na kona za Soni ziko mkono wa pili sasa. Klachi ikishindwa, unasimama barabarani unapiga simu. Breki zikishindwa husimami. Kwa hiyo siku gari likiwa kwa fundi, mwambie afungue na tairi za nyuma, muangalie shuu na silinda zake. Wewe kazi hiyo unaijua, na safari hii utakuwa umesimama kwenye sakafu ya saruji.

Kupanda, usiwe nyuma ya lori kwa mita mbili. Mwache aipate kona, amalize, ndipo uingie kwa mwendo wako bila kusimama katikati. Ukilazimika kusimama, breki ya mkono, gia huru, mguu nje ya pedali. Kuondoka, klachi ishike kwanza ndipo uachie breki. Na klachi mpya ikifungwa, wiki ya kwanza isione saruji kabisa. Bebea karoti.

Anza na plei kesho asubuhi kabla hujaenda popote, uniandikie umekuta sentimita ngapi. Na usimwambie shemeji kwamba nimesema ni kosa lake mpaka uwe na uhakika, maana nyumba yenu sasa hivi inahitaji mtu mmoja wa kuchemsha chai.

Babu Spana